Kipaza Sauti Kimoja

Chumba cha mjomba wangu pale hospitali hakikuwa na taa. Balbu iliungua kabla sijazaliwa, na mtunza stoo akakataa kutoa nyingine. Alisema, kwa mujibu wa matumizi, opareta wa simu haoni, kwa hiyo balbu ni hasara. Kila neno lake huanza hivyo, ndiyo maana hospitali nzima inamwita Kwa Mujibu, na nasikia hata mkewe.

Chumba chenyewe kiko chini ya ngazi. Ukikaa ndani, viatu vinapita juu ya utosi wako kwenda wodi za juu na kurudi. Mjomba alikuwa anavitambua bila hata kutaka. "Daktari wa mifupa huyo. Kisigino cha kushoto kimelika." Nikichungulia, kweli ni yeye.

Yeye mwenyewe walimwita Mzee Halo. Surua ilimfumba macho akiwa na miaka minne. Shule ya wasioona ikampa nukta nundu, maandishi yale ya kusoma kwa vidole, halafu kozi ya simu ya miezi tisa, halafu chumba kile. Aliingia ana nywele nyeusi. Alikaa miaka ishirini na sita. Mimi mama alinipeleka kwake, kwa kuwa yeye ni kaka yake, nilipoacha shule darasa la tano. Nilimfikisha kazini asubuhi, nikakaa kizingitini penye mwanga, jioni nikamrudisha.

Kila siku saa moja wodi zilimpigia moja moja kumtajia waliolazwa na waliotoka. Mjomba alishika msumari wake na kibao, akatoboa karatasi ngumu, tak, tak, tak, upesi kuliko mtu anavyoandika kwa kalamu. Baada ya hapo simu za ndugu zikaanza. "Mgonjwa wangu aliletwa jana, yuko wapi?" Mjomba alipitisha kidole kwenye karatasi na kujibu: wodi ya sita, kitanda cha kumi na moja, saa za kuona wagonjwa ni saa kumi, usije na watoto.

Kuna neno moja hakulisema kwenye simu hata siku moja. Mgonjwa akiwa amekufa, mjomba alisema hivi tu: "Njoo. Na uje na mtu." Kisha alisubiri mpaka wa upande wa pili akate mwenyewe. Nilimuuliza kwa nini hasemi ukweli.

"Simu haina mkono, binti yangu," alisema. "Mtu akianguka kule, mimi nitasikia kishindo tu. Aje na wa kumshika."

Basi, kompyuta ikaja.

Kabla haijaja alikuja kwanza katibu wa hospitali, yule mwenye funguo nyingi kiunoni, hata mimi namtambua kwa mlio. Alisimama mlangoni kwa sababu ndani hamwenei watu watatu. Alisema majina yote ya wagonjwa sasa yataingizwa kwenye kompyuta, wodi hazitapiga simu tena asubuhi. Opareta atatafuta jina humo humo. Kwa vile mjomba haoni, yake itawekewa programu ya kusoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye kioo.

"Ijumaa saa nne nakuja na majina kumi," alisema. "Ukiyapata kwenye kompyuta, unaendelea na kazi. Usipoyapata, nafasi hii tunaifuta. Simu atapokea dada wa mapokezi."

"Nitayapata," mjomba alisema.

Hakuwa anajitapa. Mwaka uliopita walimpeleka kwenye mafunzo wiki mbili, akakaa na kompyuta kama hiyo, amevaa vya masikioni, na alirudi kama kijana aliyeposa. Nyumbani alifanya mazoezi mbele yangu kwenye meza ya chakula, anabonyeza mbao kavu kwa vidole kumi, anataja herufi. Alikuwa anaijua. Hilo nataka lieleweke.

Jumatatu Kwa Mujibu alileta maboksi kwa toroli la maiti, kwa sababu lile la stoo lilikuwa limevunjika gurudumu. Akapanga vitu mezani gizani, akachomeka, kioo kikawaka. Ulikuwa mwanga wa kwanza niliouona mle ndani. Niliona ukutani alama nyeusi ya bega la mjomba, pale alipoegemea miaka yote hiyo.

Kwa Mujibu alinyoosha fomu. "Soma wewe mwenye macho, halafu mjomba wako aweke kidole."

Nikasoma. "Kompyuta moja."

"Ipo?" mjomba aliuliza.

"Ipo."

"Kioo kimoja," nikaendelea.

"Kipo?"

"Kipo. Kibodi moja, ipo. Kipaza sauti kimoja."

"Kipo?"

Niliangalia. Pembeni ya kioo kilisimama kitu cheusi, kirefu kama mkono wa mwiko, kina kiguu chini na kichwa cha sponji juu, waya wake umeingia kwenye kompyuta. Nilikijua. Shuleni mwalimu mkuu alikuwa nacho cha namna hiyo, akikigongagonga kwa kucha kabla hajatufokea, na kiliitwa hivyo hivyo, kipaza sauti.

"Kipo," nikasema.

Mjomba akachovya dole gumba kwenye wino na kuligandamiza. Kwa Mujibu alipuliza karatasi ikauke, akaondoka na toroli lake.

Mjomba akakaa, akanyoosha mikono, akabonyeza vitufe vya kuamsha ile programu kama alivyofundishwa. Kimya. Akabonyeza tena, akingoja kichwa kimeinama. Juu yetu viatu vikapita, vikarudi.

"Imewaka?" akaniuliza.

"Imewaka, mjomba. Kuna maandishi mengi."

"Mbona haisemi?"

Fundi aliyeiweka ile programu alikuwa makao makuu, mji mwingine. Mjomba alimpigia Jumanne asubuhi. Alikuwa kijana, ukisikia sauti tu unajua anatafuna kitu.

"Mzee wangu, hiyo mashine niliijaribu mwenyewe kabla sijaituma, inaongea kama kasuku. Hebu nipe hapo mtu anayeona."

Nikapewa simu.

"Dada, chini kulia kwenye kioo kuna kipicha cha tarumbeta. Unakiona?"

"Nakiona."

"Kimekatwa na mstari?"

"Hakijakatwa."

"Kibonyeze. Inasema ngapi?"

"Mia."

"Basi sauti imejaa mpaka juu. Sasa, fomu yenu ninayo hapa, mmepokea kipaza sauti kimoja. Kimechomekwa?"

"Kimechomekwa."

"Kinawaka taa?"

"Kinawaka, ya kijani."

"Basi ni kizima. Zima mashine yote, hesabu mpaka thelathini, washa."

Tulizima. Mjomba alihesabu kwa sauti, polepole. Tukawasha. Kimya.

Siku ile tulizima na kuwasha mara tisa. Fundi alinielekeza nifungue hiki nifunge kile. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, nikamtajia herufi moja moja kama mtoto anayenyoosha kidole ubaoni, naye akasema ndiyo, hapo hapo, bonyeza. Akaing'oa programu ya sauti kwa mikono yangu na kuirudisha upya. Katikati simu za wagonjwa zilikuwa zinaingia, mjomba anazijibu kwa karatasi yake, halafu anarudi kwetu.

"Wamempa kipofu bubu amsaidie kazi," alimwambia fundi. "Hospitali hii ina mipango."

Fundi akacheka mpaka akapaliwa.

Jumatano mjomba alisema, "Kule kwenye mafunzo tulikuwa na vile vya masikioni. Nenda stoo ukaombe."

Nikaenda. Kwa Mujibu alivaa miwani, akatoa faili, akalifungua mahali penye dole gumba la mjomba.

"Kwa mujibu wa fomu hii," alisema, "opareta ameshapewa kifaa cha sauti kimoja, kizima, na amekubali. Cha pili ni bajeti ya mwakani."

"Lakini haisemi, mzee."

"Hapa hapajaandikwa haisemi."

Nikarudi. Nilipomweleza mjomba, alitikisa kichwa tu, akashika msumari wake akaanza kunoa ncha kwenye ukingo wa saruji.

Alhamisi fundi alikuwa amechoka na sisi, ulisikia hata anavyovuta pumzi. "Labda inaongea chini sana," alisema. "Mwambie mzee aweke sikio kwenye kipaza."

Mjomba alikitafuta kile kitu kwa mkono. Alikipapasa kuanzia kwenye kiguu, akafika kichwani, akaminya sponji, chini yake akasikia vitundu. "Vitundu vipo," alisema. "Kama vya mkono wa simu." Na kweli mkono wa simu una vitundu kote kuwili, mdomoni na sikioni, ukiushika gizani huwezi kujua upi ni upi mpaka useme. Akaegemeza sikio kwenye ile sponji. Akafumba macho, ingawa hakuna sababu ya yeye kuyafumba. Kwa mkono wa kulia alibonyeza herufi, moja, akasikiliza. Nyingine, akasikiliza. Alikaa hivyo muda mrefu, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayesikiliza tumbo la mjamzito.

"Kuna kitu?" fundi aliuliza kwenye simu.

"Nasikia damu yangu," mjomba alisema.

Fundi akaguna. "Sasa mzee wangu, mimi huku kila nilichouliza nimejibiwa kipo, kizima. Na mimi nina bosi. Itabidi niandike ripoti."

Ijumaa saa nne funguo zilisikika tokea mbali. Katibu alikaa kwenye kiti alicholetewa, goti lake karibu ligusane na la mjomba. Mimi akaniambia, "Wewe binti, leo mdomo wako uko likizo. Ukimsaidia hata kwa kikohozi, nimefunga mtihani."

Akataja jina la kwanza. Mjomba akaliandika bila kukosea herufi. Akabonyeza kitufe cha kutafuta. Nilikuwa kizingitini, naona kioo chote. Jina likatokea, na pembeni yake wodi ya tatu, kitanda cha nane. Lilikuwa limesimama pale, jeupe, mwanga wake umempiga mjomba usoni, kwenye paji la uso na kwenye yale macho. Yeye alikuwa anangoja liseme. Nikauma ulimi mpaka nikasikia ladha ya chuma.

"Vipi?" katibu aliuliza.

Mjomba alingoja kidogo tena. Kisha akavuta droo, akatoa karatasi yake ya asubuhi, kwa sababu wodi zilikuwa bado zinampigia wiki ile ya mwisho. Kidole kikapita mara moja. "Wodi ya tatu, kitanda cha nane."

Katibu akataja la pili, mjomba akaliandika nalo kabla ya kujibu kwa karatasi. "Wodi ya wazazi, karudishwa jana usiku, kitanda cha mlangoni." La tatu. La nne. Yote kumi aliyajibu, na yote yalikuwa sawa na kioo, ila moja tu, na kwa hilo kioo ndicho kilichokosea. Yule mgonjwa alikuwa amekufa alfajiri na kompyuta ilikuwa bado imemlaza kitandani.

"Mzee Halo," katibu alisema, bila ukali, "mimi sikuuliza wagonjwa wako wapi. Nimeuliza kompyuta inasema wako wapi."

"Inasema walipo, Bwana Katibu. Hawawezi kuhama kwa sababu yake."

"Umeisikia ikisema?"

Mjomba akairudisha karatasi yake kwenye droo. Katibu akainuka, funguo zikaondoka naye.

Jumatatu iliyofuata yule fundi alikuja mwenyewe. Hakuja kwa ajili yetu, alikuja kutengeneza mashine ya kuchapa ya katibu, akapita kutusalimu. Alikuwa mrefu, ikabidi akunje shingo chini ya ngazi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Leo hutafuni kitu," mjomba alisema.

Fundi akacheka, akawasha tochi ya simu, akamulika meza. Akamulika nyuma ya kompyuta, akarudi mbele. "Kipaza sauti kiko wapi?"

"Hicho hapo," nikasema.

"Hiki?"

"Ndiyo."

Alikishika shingoni, akakigeuza. Nilimwona anavyobadilika uso. "Hiki ni cha kusemea," alisema. "Hiki kinasikia, dada. Hakisemi. Mngekaa nacho mpaka kiama."

"Kinaitwaje?" mjomba aliuliza.

Fundi akakigeuza tena mkononi. "Kipaza sauti."

"Na kile kilichotakiwa kuletwa?"

"Kipaza sauti," akasema, chini kwa chini. "Sisi mafundi tunasema spika, mzee wangu. Lakini fomu zimeandikwa Kiswahili cha ofisini, nami nikawa nasoma fomu. Cha kusemea kipaza sauti, cha kutolea kipaza sauti. Sikufikiria."

Mjomba aliweka mikono yote miwili juu ya meza. "Kwa hiyo Alhamisi nzima," alisema, "nilikuwa nimetega sikio kwenye sikio."

Fundi hakucheka safari hii. Alitoa mfukoni vya masikioni vyake mwenyewe, akavifuta kwa shati, akavichomeka, akamvalisha mjomba kwa mikono yake. Haikuchukua hata dakika mbili. Mjomba akabonyeza. Nikaona mabega yake yanashuka.

"Inasema," alisema. "Inatamka kama mtu aliyetoka kung'olewa jino, lakini inasema." Akacheka, kicheko chake cha zamani. Akaandika jina, akasikiliza, akataja wodi. Akaandika jingine. Fundi alikuwa anaangalia saa, mimi naangalia kioo, na kila alichosema kilikuwa pale. Majina kumi yaliisha kabla mtu wa juu hajamaliza kushuka ngazi.

Simu ikalia. Mjomba akavua kipande cha sikio moja, akainua mkono wa simu.

"Halo, hospitali." Akasikiliza. "Ndiyo, Bwana Katibu." Akasikiliza tena, kidogo sana. "Nimekusikia."

Hakukata. Alingoja wa upande wa pili akate kwanza, kama kawaida yake, ndipo akaurudisha mkono wa simu mahali pake.

"Anasema niende ofisini kwake," alisema. "Anasema niende na mtu."

Hatukuinuka mara moja. Alikuwa anavikunja vile vya masikioni, waya kwa waya.

"Kumbe ndivyo inavyosikika," akasema.

Fundi alikuja nasi. Katibu alikuwa na karatasi tatu mezani. Ya kwanza ni ile fomu, akaniambia nimwoneshe mjomba alama ya kidole chake, kana kwamba angeiona. Ya pili ilikuwa ripoti ya fundi, ya Alhamisi. Aliisoma mwenyewe: vifaa vyote vimepokelewa na vinafanya kazi, tatizo liko kwa mtumiaji.

"Bwana Katibu," fundi alisema kutoka mlangoni, "ile niliiandika kwa maneno ya simu, nilikuwa sijaona—"

"Uliandika?"

"Niliandika."

"Ulisaini?"

"Nilisaini."

"Imeanza kusema," mimi nikasema. "Sasa hivi. Majina kumi ameyapata." Nilikuwa sijawahi kusema mbele ya watu wakubwa.

Katibu aliniangalia, na nadhani alinisikitikia kweli. "Barua ya kufuta nafasi iliondoka Ijumaa jioni," alisema. "Nafasi haipo. Hata nikitaka kumrudisha, namrudisha wapi?"

Akasukuma karatasi ya tatu kuelekea kwetu. Mjomba aliipapasa akaipata.

"Na huyu niliyeambiwa nije naye," aliuliza, "ni wa kunishika?"

Katibu hakuelewa. "Ni wa kukusomea barua," alisema.

Unga ulimwagika hivyo. Kesho yake Kwa Mujibu alikirudisha stoo kile kitu cha sponji, akaandika kimerudishwa kikiwa kizima. Kompyuta walimpelekea dada wa mapokezi, ambaye anaona, haihitaji kusema. Nimewahi kusimama pale kwenye kaunta yake nikimsikia. Ana heshima, hana haraka. Mtu akiuliza mgonjwa wake, anaangalia kioo na kujibu kilichoandikwa. "Amefariki jana saa nane mchana," anasema. "Halo? Halo?" Kisha anarudisha simu.

Ile barua tuliisoma siku ile ile tuliyopewa, kwenye benchi la nje ya lango, kwa sababu mjomba hakutaka iingie nyumbani haijasomwa. Kabla sijaanza aliniomba aishike kwanza. Akapitisha vidole pembe zote nne, mbele na nyuma, akaipima unene, akatafuta kama kuna kitu kingine kimebandikwa. Ndipo akanipa.

Nikaisoma yote. Aliniambia nirudie pale penye neno "kutokana na." Nikarudia: kutokana na kushindwa kutumia vifaa alivyopewa.

"Ndivyo ilivyoandikwa?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mjomba."

"Na kile kipaza ulikisoma kama kilivyoandikwa," alisema.

Hakusema kwa hasira. Aliinuka, akanishika bega kama siku zote, tukaanza kwenda. Lakini tangu siku ile, nikimwambia kitu kipo, chumvi, kikombe, viatu vyake mlangoni, hunyoosha mkono kwanza.